Jirani Mwenye Mkono wa Ganzi

Nyumba za watumishi wa hospitali
4 Machi

Dada, shikamoo.

Najua utacheka. Mtu anayelipwa kwa kazi ya simu amekaa chini na kalamu kama mwanafunzi wa bweni. Lakini kwenye simu wewe hunipi kitu. "Hujambo?" "Salama." "Homa imeisha?" "Imeisha." "Shemeji?" "Yupo." Halafu unasema kuna mteja anasubiri kwenye kiti, unakata. Nilipokuwa bwenini ulikuwa unaniandikia kurasa mbili mbili, nikifungua bahasha nasikia mpaka kelele za jikoni. Basi nimerudi huko. Karatasi haina kitufe cha kukata.

Kazi nimeanza. Tunatengeneza programu ya simu ya kulinda wagonjwa waliowekewa dripu. Kuna kidude kidogo kama kibanio cha nguo, kinabanwa pale matone yanapodondokea chini ya chupa. Kinahesabu matone na kupeleka hesabu kwenye simu ya muuguzi. Dripu ikienda mbio, simu inatetemeka mfukoni mwake. Ikisimama, inatetemeka. Chupa ikikaribia kuisha, vilevile. Wodi ya wanaume hapa ina muuguzi mmoja kwa zamu, na vitanda vimefika hadi korido. Hawezi kuwa kila mahali. Maji yakimwingia mgonjwa haraka mno yanaweza kumjaa mapafuni, na mwenzake wa kitanda cha pili akadhani amelala tu.

Mkubwa wetu wodini ni muuguzi mmoja mama mtu mzima, kila mtu anamwita Kamanda. Siku ya kwanza alikitazama kibanio changu, akasema, "Haya, hiki kinajua kuhesabu. Kinajua na kuuguza?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wewe ulilazwa Januari kwa ile homa, ukanikatalia nisije. Uliwekewa dripu? Niambie ilikuwaje. Hapa kila mtu ananieleza mambo ya dripu akiwa amesimama. Bado sijapata wa kunieleza akiwa amelala.

Msalimie sana Shemeji.

Mdogo wako,
Betri


Nyumbani
19 Machi

Betri, marahaba.

Barua yako imefika. Shemeji yako ameisoma mpaka mwisho, akasema sasa kweli umekuwa mtu mzima, unalalamika vizuri.

Mimi mzima. Homa ilikwisha. Dripu niliwekewa, ikaisha, ikatolewa. Ukilala unaangalia dari. Sina la zaidi.

Ila kuna jirani yangu hapa, mama wa rika langu. Dripu ilimharibia mkono. Anasema ilikuwa inadondoka vizuri kabisa, haikwenda mbio wala haikusimama. Ni kwamba sindano ilikuwa imetoka kwenye mshipa, dawa ikawa inaingia nyamani. Sasa nauliza, hicho kibanio chako kingesema nini?

Nauliza tu.

Samahani kwa mwandiko, naandika haraka haraka.

Dada yako


Nyumba za watumishi
2 Aprili

Dada, shikamoo.

Mwandiko wako umekuwa kama wa daktari! Nimempelekea mfamasia mmoja hapa anisaidie neno "nyamani". Punguza wateja kidogo, kina mama watasubiri kusukwa.

Swali lako limenikosesha raha. Jibu ni kwamba kibanio kingesema mambo yako sawa. Matone yanadondoka, hesabu imetimia, alama ni ya kijani. Kamanda alishalisema hilo kwenye mkutano wetu wa kwanza, kwamba matone hayajui yanakokwenda. Tukaandika, tukasema tutalishughulikia mbele ya safari. Unajua tena mikutano. Kila kigumu kinasukumwa mbele ya safari.

Lakini huyu jirani yako amenifungua macho. Dada, huyu mama ni dhahabu kwetu! Ninao madaktari wa kunieleza dawa ikivuja hufanya nini kwenye ngozi. Kwa mgonjwa mwenyewe sina mtu. Niulizie, tafadhali, kwa upole. Alisikia nini kwanza? Alimwambia nani? Alijibiwaje? Mkono uko vipi sasa? Anafanya kazi gani, na anaiweza bado?

Kama hataki, usimlazimishe. Akikubali, mwambie atakuwa ametusaidia kuliko vitabu vyote vilivyo mezani kwangu.

Betri wako


Nyumbani
20 Aprili

Betri,

Nimemuuliza. Amekubali.

Sindano ilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Ilikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na vikapu. Kwanza alisikia baridi. Maumivu yalikuwa bado, ilikuwa baridi tu, kama mtu amekuwekea chuma na kusahau kukiondoa. Kisha kubana. Kama pete, lakini imevishwa mkono mzima.

Akamwambia mume wake. Mume akaenda kumtafuta muuguzi, akamkuta anahangaika na mtu asiyepumua vizuri. Muuguzi akaja. Aliinua macho, akatazama chupa. Akasema, "Inadondoka vizuri, mama. Tulia, usichezeshe mkono." Akarudi mbio kwa yule mwingine.

Jirani anasema hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jasho mpaka kidevuni.

Mkono ukaanza kuungua. Akaona aibu kuita tena, maana kitanda cha pili mtu alikuwa anakata roho na yeye analalamikia sindano. Akaufunika kwa shuka ili asiuone. Kumbe na wengine hawakuuona. Walipokuja kubadilisha chupa ulikuwa umejaa kama glovu iliyotiwa maji, ngozi inang'aa. Yakaja malengelenge. Halafu ngozi ikawa nyeusi. Wakaikata, wakabandika nyingine kutoka pajani.

Sasa gumba na vidole viwili vinavyolifuata havisikii kitu. Vinakunja kidogo. Ukivigusa bila yeye kuangalia, hajui umegusa kipi. Mwanzoni aliambiwa ganzi itatoka. Haijatoka.

Anafanya kazi ya mikono. Haiwezi.

Amesema umeuliza maswali mazuri.

Dada


Nyumba za watumishi
11 Mei

Dada, shikamoo.

Niliisoma barua ya jirani yako mbele ya mkutano mzima. Nilipofika pale kwenye shuka, Kamanda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Basi tumebadilisha. Sasa simu haingoji matone yaharibike. Kila baada ya muda inamtetemesha muuguzi na kumwandikia, "Kagua eneo la sindano." Akishakagua anabonyeza. Akiona limevimba anapiga picha, picha inakwenda kwa daktari. Dawa zile kali, zinazoharibu nyama zikivuja, zimewekewa rangi nyekundu, hizo ukumbusho wake ni wa karibu karibu.

Nisikudanganye kwamba wameipenda. Wiki ya kwanza simu zilitetemeka hovyo hovyo. Tukajaribu pia kumpa ndugu wa mgonjwa kitufe cha kuita. Ikawa balaa. Mmoja aliita kwa sababu mgonjwa wake anataka mto, mwingine kuuliza choo kiko wapi. Kitufe tumekiondoa. Kuna muuguzi mmoja, binti mwembamba mwenye ulimi mkali, alichoka akaifungia simu yake kwenye droo ya glovu. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, nina wagonjwa wa kuwakimbilia. Wewe umeniongezea mmoja wa mfukoni." Sasa tumepunguza mitetemo, tumeacha ya lazima.

Nimechora mkono wa jirani yako kwenye karatasi kubwa, nimeubandika ukutani chumba cha wauguzi. Baridi hapa, kubana hapa, kuungua hapa. Unafundisha kuliko mimi.

Sasa habari kubwa. Nimepewa likizo mwisho wa Julai, nakuja! Nataka pia nimwone huyo mama, nimshukuru mwenyewe, na akiridhia nipige picha ya mkono kwa ajili ya mafunzo. Mwambie mapema ajiandae.

Unisuke na mimi, nywele zimekuwa kichaka.

Betri


Karakana
25 Mei

Shemeji, salamu.

Mimi si mtu wa barua. Kalamu kwangu ni nyepesi mno, nimezoea vyuma. Kwa hiyo nitasema moja kwa moja kabla sijaikunja karatasi hii na kuitupa kwenye takataka za kuchomelea.

Hakuna jirani.

Mkono ule ni wa dada yako. Alinikataza nisikuambie. Nikakubali, nikidhani utapona na habari itakuwa imeisha. Haukupona. Barua yako ya mwisho aliisoma akaiweka chini ya mto wa kiti, akaendelea kuchagua mchele. Nikamuuliza, "Sasa akija?" Akasema, "Atakuja." Basi.

Mwandiko unaocheka nao ni wa mkono wa kushoto. Barua moja inamchukua siku kadhaa.

Kusuka ameacha. Alijaribu. Mwezi wa pili alikuwa ananyoosha nywele za mteja kwa kitana cha moto, wakasikia harufu ya kuungua. Mteja akadhani ni nywele zake, akapiga kelele, akaruka kwenye kiti. Kumbe ni kidole cha dada yako kimelala juu ya chuma, na yeye yuko katikati ya maongezi. Hakuwa na habari. Akakitazama kile kidole kama cha mtu mwingine. Akamwomba mteja radhi, akammalizia kwa mkono mmoja, akamsindikiza mpaka nje.

Tangu siku hiyo saluni anaifungua asubuhi, anafagia, anakaa kwenye kile kiti cha wateja mbele ya kioo mpaka jioni. Anafagia nywele ambazo hazipo. Wanaokuja anawaambia amechoka, wapite kesho. Sasa hawaji.

Halii, Shemeji. Angelia ningejua pa kuanzia. Hagombani. Anapika, anafua kwa mkono mmoja, ukimuuliza anasema salama. Nakaa naye ndani na sijui yuko wapi.

Nimesema. Ukimgombeza, gombeza na mimi.

Shemeji yako


Nyumba za watumishi
6 Juni

Dada, shikamoo.

Shemeji ameniandikia. Usimseme.

Nimezitoa barua zako zote, nikazisoma upya. Kila palipo na "jirani" nikasoma "mimi". Ile ya Aprili nilishindwa kuimaliza. Niliisoma kwa sauti mbele ya watu, Dada. Nilisimama pale nikawasomea kama hadithi ya mtu baki. Na kabla yake nilikuandikia kwamba ni dhahabu kwetu. Nikakucheka mwandiko.

Nilifungasha begi siku hiyo hiyo. Kamanda akanikuta getini. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamweleza. Akasema, "Ukifika utafanya nini? Utalia, yeye aanze kukubembeleza? Ndivyo mlivyozoeana, naona. Rudi ndani. Mtafutie daktari kwanza, kulia kutakuwepo tu."

Nikarudi. Kuna daktari wa upasuaji wa mikono anakuja hapa kila mwezi. Nilimweleza. Anasema huenda kovu la kifundoni ndilo linaubana mshipa wa fahamu, na kwamba likifunguliwa mapema kunaweza kupatikana nafuu. Akasema "huenda" mara nyingi sana. Nimekupangia siku Septemba. Tafadhali usikatae kabla hujalala nalo.

Ule mchoro ukutani niliubandua. Kamanda amekasirika, anasema wauguzi wanautumia. Sijui nifanye nini.

Kwa nini hukuniambia?

Betri


Nyumbani
30 Juni

Betri,

Urudishe mchoro.

Umeuliza kwa nini. Nimelitafuta jibu, si kwamba nimelificha. Barua yako ya kwanza ilikuja na furaha nyingi, ungedhani imeandikwa na mtoto. Nikasema nimwache afurahi kidogo. Halafu nikaona kumsemea jirani ni rahisi. Yeye aliumia, mimi nilikuwa nasimulia tu. Nilipokuwa naandika ile ya Aprili nilimhurumia sana. Nilipoweka sahihi nikakumbuka, na huruma ikakatika.

Kuna jingine, nalo nakuandikia ili usije ukaambiwa na mtu. Sikulazwa kwa homa. Nilikuwa na mimba, ikaharibika, nikapoteza damu nyingi. Ndiyo maana ya dripu. Nilitaka kukuambia ikishaonekana. Haikufika kuonekana.

Watu wakija kunipa pole wanaangalia mkono. Mkono una kovu, unaonekana, mtu anajua aweke wapi macho. Na mimi nazungumzia mkono. Hilo lingine halina pa kushika.

Usije kwa likizo. Nitakuja mimi Septemba. Nikikuona sasa nitalazimika kuwa dada yako, na sina nguvu hiyo.

Jambo moja juu ya kazi yako. Umesema simu inaandika, "Kagua eneo la sindano." Mtu akisoma hivyo atatazama. Mimi nilitazamwa. Andika, "Mshike mkono. Muulize."

Mwandiko umeanza kunyooka, umeona?

Dada


Nyumba za watumishi
17 Agosti

Dada, shikamoo.

Mara hii sitaandika mengi juu ya lile jambo. Nimelisoma. Niko nalo. Ukitaka tulizungumze tutalizungumza, usipotaka nitakaa tu karibu.

Maneno yako yameingia kwenye simu. Wasimamizi walitaka tuandike kwa lugha ya kiofisi zaidi, Kamanda akawauliza ni neno gani ambalo hawakulielewa, "mshike" au "mkono".

Nikueleze la wiki iliyopita. Kuna mlinzi mmoja amelazwa, amevunjika mguu, mwanamume wa miraba minne. Kila akiulizwa anasema yuko fiti. Alikuwa anapewa dawa moja ya zile nyekundu. Matone safi, kijani tupu. Simu ya yule binti mwembamba ikatetemeka, yule wa droo ya glovu. Akaenda akiwa amenuna. Akamwambia, "Lete mkono." Mlinzi akasema, "Sista, niko fiti." Akamwambia, "Sijakuuliza ufiti, nimesema lete mkono." Akaushika juu ya sindano. Ulikuwa wa baridi na umekaza. Akafunga dripu palepale, akapiga picha, daktari akaja, wakauinua mkono. Kesho yake ulikuwa umenywea. Yule bwana anakula kwa mkono ule ule, anadai chai iongezwe sukari.

Hakuna kilichotokea, Dada. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Yule binti alinifuata korido, akasimama, akasema, "Hakuna kilichotokea," akaondoka. Simu haiko tena kwenye droo.

Nisikufiche na upande wa pili. Siku mtandao ulipokatika, wodi ya kina mama mgonjwa mmoja alivimba mkono. Kidogo, anapona. Lakini alivimba. Wauguzi walikuwa wameshazoea kungoja mtetemo, haukuja, hawakwenda. Sasa Kamanda amewarudisha kwenye raundi za miguu, simu iwepo isiwepo. Anasema kitu cha kukukumbusha kisikufanye usahau.

Kitanda chako kipo. Nitakupokea kituoni. Wodi ya upasuaji ya wanawake, wanaume hawaruhusiwi kukaa, hata ndugu, kwa hiyo nitakuwa nje mlangoni nikiwasumbua watu.

Betri


Wodi ya upasuaji
12 Septemba

Mume wangu,

Nimefika, nimepasuliwa, nimeamka. Betri atakuwa ameshakupigia. Nilimwambia habari za hospitali akupe yeye, hizi nyingine nitaandika mwenyewe, kwa kushoto, maana jioni hii dripu imetolewa.

Daktari ameufungua ule mkazo. Jana alinifumbisha macho akawa ananigusa vidole kwa ncha ya kalamu. Vile viwili, hakuna kitu. Kwenye gumba nilisikia kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikasema, "Labda." Akasema labda inamtosha kwa sasa. Kusuka hakuniahidi, nami sikumuuliza.

Walipotaka kunichoma sindano ya dripu mkono wa kushoto nilitapika. Sikuwa nimejua kwamba naogopa. Nilikuwa nimelala vizuri, namtazama muuguzi anapasua pakiti, mara nikawa nimechafua shuka. Aliniuliza kama nimekula kitu kibaya. Nikasema ndiyo.

Alikuwa ni yule binti mwembamba anayesimuliwa na Betri, sasa amehamishiwa wodi hii. Hajui mimi ni nani. Hapa naitwa mama wa kitanda cha dirishani. Simu yake ikitetemeka anakunja uso, halafu anakuja. "Mama, mkono unasikiaje?" Namwambia hauumi. Anafunua shuka, anaushika hata hivyo. Ana mikono ya moto. Anabonyeza, anangoja kidogo, anaondoka kwa mwingine. Akirudi ni hivyo hivyo. Sijui nilimjibu hauumi mara ngapi.

Leo mchana alikuja wakati watu wameshaondoka. Akauliza mkono unasikiaje, nikasema hauumi. Akaushika. Akasema, "Na wewe mwenyewe?"

Hilo halimo kwenye simu. Nimemuuliza Betri, amesema hawakuliandika.

Nikamwambia nilikuwa na mimba mwezi wa kwanza, ikatoka. Nilisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja anapokaa. Nilikuwa nimeiandika mara moja, kwa Betri. Kwa mdomo sikuwahi kuisema, hata kwako. Wewe ulikuwepo, kwa hiyo nilidhani haihitaji kusemwa. Yule binti hakusema pole. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono wangu ukiwa mkononi mwake, mpaka simu ikatetemeka kwa ajili ya mtu mwingine. Akainuka akaenda.

Sikulia. Nakuambia kwa kuwa najua utamuuliza Betri. Nililala, na nilipoamka nilikuwa na njaa. Njaa ya kweli. Nilikula mpaka mkate wa mwenzangu.

Mume wangu, Januari, siku ya pili baada ya kunirudisha nyumbani kutoka hospitali, ulikwenda karakana. Nilisikia geti. Nikasema moyoni, huyu ameshamaliza. Nikakaa na wazo hilo miezi yote, nakupikia nalo, nalala nalo kando yako. Hapa kitandani ndipo nimekumbuka kwamba tangu siku ile hujapiga mluzi. Ulikuwa unapiga mluzi ukinawa, ukitafuta viatu, mpaka nakuambia nyamaza. Ndani kulinyamaza na mimi sikusikia.

Nitaruhusiwa wiki ijayo. Njoo unichukue wewe, usimtume mtu.

Na nina swali. Usinijibu kwa simu, nijibu tukiwa tumekaa. Ulikuwa umeshafikiria jina? Mimi nilikuwa nalo.

Mkeo